Fonti nzuri kwa karatasi ya mtoto anayejifunza kusoma

Mzazi wa Yakobi anayeandaa karatasi ya kusomea mtoto kwenye kompyuta, kisha kwenda kuichapisha steshenari Njombe mjini, huvutiwa kwanza na fonti yenye mapambo. Mtoto ndiye anayepata tabu. Kwenye fonti nyingi I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hufanana mno. Kwenye ratiba ya dawa iliyobandikwa ukutani, hilo si la kuchezea.

Ipo fonti ya bure iitwayo Andika, iliyotengenezwa na SIL kwa ajili ya wanaoanza kusoma. Herufi zake a na g zina umbo lile lile ambalo mtoto hufundishwa kuandika kwa mkono.

Kabla ya kuchagua, ifungue fonti kwenye mipangilio ya Windows, andika “Il1 O0 ml 1” uone inavyotokea. Ulizopakua na huzitumii ziondoe. Zikirundikana huchelewesha programu. Zilizokuja na kompyuta ziache.

Steshenari peleka PDF. Ukipeleka faili la Word, kompyuta isiyo na Andika itaweka fonti nyingine, na nauli ya kutoka Yakobi imeliwa bure.