Kelele za Ekzosi Hazipandishi Mlima

Ukisimama mjini Same jioni, wakati magari ya mlimani yanapopakia abiria wa mwisho, huenda ukashtushwa na ngurumo. Utageuka ukidhani ni lori la tani kumi. Kumbe ni pikapu ya kawaida tu, ya kubebea watu na magunia. Imekatwa salensa. Mwulize mwenyewe sababu, naye atakujibu bila kusita: "Mzee, sasa injini inapumua. Gari linavuta."

Hivi karibuni nilikaa na kijana mmoja wa namna hiyo kwenye gereji iliyo chini ya mwarobaini. Alikuwa na pikapu ya dizeli na orodha ya kazi mkononi: bomba la moshi pana, pampu ya dizeli ifunguliwe kidogo, na tairi kubwa kuliko zile za kiwandani. Fedha ya kazi hiyo ilitokana na tangawizi ya familia. Nilimwuliza breki zake zina umri gani. Alicheka, akasema: "Breki zipo, mzee. Shida yangu ni kupanda."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo ya leo. Kijana yule hakuwa mjinga. Shida aliyoisema ni ya kweli, ila dawa aliyoandikiwa ni ya ugonjwa mwingine.

Tuanze na shida yenyewe. Injini ya gari ni pampu ya hewa. Inavuta hewa, inaibana, inalipua mafuta ndani yake, kisha inatoa moshi. Injini ya lita mbili, ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, inavuta lita zipatazo 3,000 za hewa katika dakika hiyo moja, sawa na ndoo 150 za lita ishirini. Na kila kilo moja ya mafuta huhitaji kilo zipatazo 15 za hewa ili iungue vizuri. Hewa ikipungua, nguvu nayo inapungua, hata tangi likiwa limejaa pomoni.

Sasa, hewa ya mlimani ni nyepesi. Kwa kipimo cha jumla, injini isiyo na tabochaja hupoteza kama asilimia moja ya nguvu zake kwa kila mita 100 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Gari lililokuwa na nguvu za farasi 100 pale Dar es Salaam, likifika Same, mita zipatazo 860, limebakiwa na 90 na ushee. Likipanda hadi mita 1,800 katika milima ya Upare, ambayo kilele chake cha Shengena kinazidi mita 2,400, limebakiwa na kama 82. Hao farasi 18 hawakuibwa na salensa. Wamebaki chini, kwenye hewa nzito ya pwani.

Jambo hili lilipimwa zamani. Mwaka 1918 mhandisi wa Kimarekani, Sanford Moss, alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kwenye mlima Pikes Peak, kimo cha mita zipatazo 4,300. Injini iliyotoa nguvu za farasi 350 nchi tambarare ilitoa 230 tu kule juu. Alipoifungia tabochaja, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe ili isukume hewa zaidi ndani, ilitoa 356. Hiyo ndiyo dawa ya kweli ya mlima: kuingiza hewa. Lakini tabochaja inataka injini iliyoundwa kuibeba, yenye pistoni, mfumo wa oili na rejeta vya kutosha. Ukiibandika kwenye injini iliyochoka, unainunulia injini hiyo sanda.

Je, ekzosi pana haisaidii kabisa? Husaidia kidogo, na mahali pake. Injini inapozunguka kwa kasi sana, moshi mwingi hutaka njia pana, na hapo bomba zuri huongeza farasi wachache. Lakini gari linalopanda Suji au Usangi likiwa na abiria na mifuko ya saruji halizunguki kasi ya mashindano. Linakwenda polepole, kwa gia ya kwanza na ya pili. Hapo bomba lililokatwa halitoi nguvu ya maana. Linatoa makelele, na dereva anayasikia makelele hayo akadhani ni nguvu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kutika.

Tena lipo jambo baya zaidi kuliko kelele. Bomba la kiwandani hufika nyuma kabisa ya gari kwa sababu maalumu. Moshi una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi, na inaua. Ukilikata bomba likaishia chini ya viti, halafu ukapanda mlima polepole huku abiria wamefunga vioo kwa ajili ya ukungu na baridi, gesi hiyo inaweza kuingia ndani. Mtoto aliyelala kwenye kiti huenda hakulala kwa uchovu.

Na pampu je? Kuifungua pampu ya dizeli ni kuongeza mafuta bila kuongeza hewa. Ule moshi mweusi unaouona kwenye kona ni mafuta ambayo hayakuungua vizuri, yaani fedha yako ikipeperuka. Joto ndani ya injini hupanda, gasketi ya silinda hedi huungua, na pistoni huweza kuyeyuka. Kule juu, hewa ilikopungua, madhara huzidi. Tairi kubwa nazo ni kama kumwongezea mpanda baiskeli gia nzito: kila mzunguko unakuwa mrefu, na injini inachoka mapema. Kijana wetu alitaka kununua nguvu kwa mkono wa kulia na kuitupa kwa mkono wa kushoto.

Wapo watakaouliza: mbona magari ya mashindano yanafanyiwa hayo yote? Ni kweli, lakini gari la mashindano hubeba watu wawili waliofungwa mikanda, na injini yake hufunguliwa na kukaguliwa kila mara. Hata huko, nguvu peke yake haikutosha. Katika mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Siri yake kubwa ilikuwa kulitunza gari mpaka lifike.

Nilimwuliza fundi mkuu wa gereji ile yeye angefanya nini. Alijibu kwa kifupi. Kwanza chujio la hewa, maana vumbi la Same hulijaza haraka. Pili kupima mbano wa silinda, kurekebisha valvu na kusafisha noseli. Tatu rejeta na feni. Nne tairi zirudi saizi yake. "Gari likirudishiwa nguvu zake," alisema, "huhitaji kumwazimia za jirani." Tano ni breki, na hapo alinyamaza, akamtazama kijana.

Alikuwa na haki ya kumtazama. Fikiria mizigo ya Upare. Kinachopanda ni watu, saruji na bati. Kinachoshuka ni tangawizi na ndizi, gari likiwa limejaa mpaka juu. Kupanda ukikosa nguvu, gari linasimama, mnateremka, mnaweka jiwe nyuma ya tairi. Kushuka ukikosa breki, hakuna wa kuweka jiwe. Mpanda ngazi hushuka, na ngazi ya Upare ina makorongo pembeni.

Tena hata kwenye lami tumeona. Juni 28, 2025, eneo la Sabasaba hapo hapo Same, basi kubwa na basi dogo yaligongana na kuwaka moto. Watu wasiopungua 38 walipoteza maisha. Taarifa rasmi ilitaja kupasuka kwa tairi. Si ukosefu wa nguvu za injini, ndugu zangu. Ni tairi.

Desemba ikifika, wengi wenu mnaosoma haya mjini mtapakia familia kwenda kuwaona wazee milimani. Kabla ya kumpa fundi fedha ya ekzosi, mpe ya vitambaa vya breki na tairi. Mlimani tumia gia ndogo, kupanda na kushuka. Ukisikia gari linakuja kwa ngurumo nyuma yako, lipishe.

Kijana wa Same aliondoka na vitambaa vipya vya breki na chujio jipya la hewa. Salensa yake ilikuwa bado imelala chini ya mwarobaini. Alisema ataifikiria. Naomba aifikirie kabla ya kupakia abiria.