Shamba Lisilotiwa Mbolea ya Dukani: Jamaa ya Karani Yazuru Bustani Karibu na Maseno

Ardhi ni kama ng'ombe wa maziwa: akikamuliwa kila siku bila kulishwa, mwishowe hukauka. Jambo hili lajulikana sana katika sehemu za Vihiga, ambako watu ni wengi, mashamba ni madogo, na jembe hurudi mahali pale pale mwaka baada ya mwaka. Mahindi hutoka manjano, kayongo huchanua maua yake ya waridi katikati ya mistari, na mwenye shamba huhesabu magunia machache kuliko aliyohesabu baba yake.

Jamaa moja ya sehemu hizo ilikuwa imefika njia panda. Bwana ni karani mjini Kisumu, na mkewe ndiye mlimaji wa nusu eka waliyogawiwa na wazee. Katika mvua ndefu walinunua mbegu za kampuni na mbolea ya chumvichumvi kwa fedha za mkopo, nao wakavuna magunia mawili tu. Bwana aliona heri shamba likodishwe kwa jirani, na unga ununuliwe dukani. Bibi hakukubali. Katika chama cha akina mama alikuwa amesikia habari za shamba lililo karibu na Maseno, ambalo halitiwi mbolea ya dukani wala dawa za sumu. Akaomba waende wakalitazame kwanza, ndipo waamue. Basi Jumamosi moja wakaondoka watu watano: bwana na bibi, binti wao mkubwa, kijana wa miaka tisa, na mama mzaa bwana.

Mwenye shamba hilo ni mwalimu mstaafu. Yeye na mkewe wanalima eka moja na robo, na wana ng'ombe wawili wanaolishwa bandani. Aliwakaribisha kwa chai, kisha akawapeleka kwanza, si penye mahindi, bali penye biwi la mboji nyuma ya banda.

BIWI LA MBOJI

"Hapa ndipo jiko la shamba," alisema mwalimu. Akaeleza jinsi biwi lipangwavyo. Chini huwekwa mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, ili hewa ipite. Juu yake hutandazwa nyasi kavu, kisha majani mabichi, kisha samadi, kisha udongo kidogo wa juu na jivu. Kila tabaka hunyunyiziwa maji, na mpango huo hurudiwa mpaka biwi lifike kifuani mwa mtu. Mwisho hufunikwa kwa majani ya migomba, jua lisilikaushe na mvua isilioshe.

Kijana aliona fimbo ndefu iliyochomekwa katikati ya biwi, akauliza ni ya nini. Mwalimu akamwambia aichomoe na kuishika. Ilikuwa moto, nayo ina unyevu. "Fimbo ikitoka baridi, biwi halifanyi kazi. Ikitoka kavu, linataka maji," alisema mwalimu. Baada ya majuma matatu hivi biwi hupinduliwa, na baada ya miezi mitatu hivi mboji huwa tayari, nyeusi na yenye harufu ya udongo wa msituni.

Maarifa haya si mapya. Mwingereza Albert Howard aliyachunguza kwa bidii huko Indore, India, kati ya mwaka 1924 na 1931, naye alijifunza mengi kwa wakulima wa nchi ile. Mwaka 1933 njia yake ilikuwa imekwisha anza kutumika katika shamba la kahawa karibu na Kiambu.

Karibu na Maseno kwenyewe, katika miaka ya 1990, wataalamu wa miti na mashamba walichunguza tithonia, ule mmea wa maua ya manjano unaoota kando ya barabara na kwenye nyua. Waliona kwamba majani yake mabichi yana chakula kingi cha mimea, nayo huoza upesi yakichanganywa na udongo. Mama mzee alicheka aliposikia hayo. "Mmea huo tumeukata miaka yote na kuutupa," alisema.

VUTA NA SUKUMA

Walipofika penye mahindi, bibi alisimama kimya. Mahindi yalikuwa ya kijani kibichi, wala kayongo haikuonekana ila mmoja mmoja. Yeye aijua kayongo vizuri. Mizizi yake hushika mizizi ya mahindi na kuyanyonya, na mmea mmoja huweza kutoa mbegu maelfu kwa maelfu, ambazo hukaa ardhini miaka zaidi ya kumi zikingoja.

Mwalimu aliwaonyesha mmea mfupi wenye kutambaa uliojaa kati ya mistari ya mahindi. Huo ni desmodi. Kuzunguka shamba lote palikuwa na mistari ya majani ya nepia. Njia hii huitwa Vuta Sukuma. Ilitengenezwa na wataalamu wa taasisi ya ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, na ilianza kufikishwa kwa wakulima mwaka 1997.

Kazi yake ni hivi. Harufu ya desmodi huwachukiza nondo wanaozaa viwavi vya kutoboa mabua, nao husukumwa kutoka kwenye mahindi. Harufu ya nepia huwavuta, wakataga mayai huko, lakini viwavi vingi hufa kwa utomvu wenye kunata unaotoka katika nepia. Tena mizizi ya desmodi hutoa maji yanayoichochea mbegu ya kayongo iote, kisha huizuia isishike mizizi ya mahindi, nayo hufa kwa njaa. Zaidi ya hayo, desmodi ni jamii ya kunde, hivyo huongeza naitrojeni ardhini, na ng'ombe huila pamoja na nepia.

BUSTANI YA MBOGA

Mbele ya nyumba palikuwa na bustani ya matuta yaliyochimbwa kwa kina cha majembe mawili. Binti aliandika katika daftari lake majina ya mboga: managu, saga, mrenda, kunde na terere. Kila tuta hubadilishiwa zao kila msimu, ili wadudu na magonjwa ya zao moja yasipate makao ya kudumu.

Mama mzee alizijua mboga zote, hata na namna ya kuzipika. "Haya tulikuwa tukiyafanya sisi," alimwambia mwanawe, "nanyi mliosoma mkasema ni ushamba."

Mwalimu alimjibu kwa heshima. "Mama, ni kweli. Lakini zamani mliweza kuipumzisha ardhi miaka kadhaa. Sisi hatuna nafasi hiyo. Yatupasa kuilisha huku tunaitumia."

MASWALI YA KARANI

Karani hakuwa mtu wa kuridhishwa na maneno matamu. Aliuliza kuhusu gharama. Mwalimu akamletea daftari la miaka minane, lenye kila gunia na kila siku ya kibarua, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Katika msimu wa kwanza mavuno yake yalipungua, na majirani wakamcheka. Ilipofika mwaka wa tatu aliwapita. Kazi ya mikono ni nyingi, hasa kupalilia desmodi ingali changa. Samadi haitoshi kwa asiye na mifugo. Nepia nayo ina ugonjwa wa kudumaa, na miche yenye dalili hizo hung'olewa mara moja.

"Je, mboji peke yake yatosha?" aliuliza karani.

"Si kila mahali," alijibu mwalimu. Udongo mwingi wa upande huu umepungukiwa na fosforasi, na mboji ya mimea iliyoota katika udongo maskini ni maskini pia. Kwa hiyo yeye hutia unga wa mawe ya fosfeti yachimbwayo Minjingu, Tanzania, ambao kanuni za kilimo hai zinauruhusu. Kanuni hizo za Afrika ya Mashariki zilipitishwa mwaka 2007, pamoja na alama ya Kilimohai, ambayo huwekwa juu ya mazao yaliyokaguliwa. Wakulima wadogo huweza kukaguana wao kwa wao katika vikundi, wasilemewe na gharama.

UAMUZI

Jioni ile, kabla ya kupanda matatu, karani na mkewe walikubaliana. Shamba halitakodishwa. Robo eka italimwa kama zamani, na robo eka italimwa kwa njia waliyoiona, kwa muda wa misimu minne. Mavuno ya kila upande yatapimwa na kuandikwa, na kazi ya uandishi akapewa binti. Bibi alirudi na fungu la vipande vya desmodi vilivyofungwa katika jani la mgomba, navyo vikapandwa siku ya pili yake asubuhi, kabla ya watu kwenda kanisani.

Yafaa wakulima wengine wafuate mfano huo wa kupima kwanza. Asiharakishe mtu kuiacha mbolea ya dukani siku moja kwa sababu ya habari aliyoisikia, wala asidharau mboji kwa sababu haiuzwi katika mfuko wenye picha. Na aanze na biwi moja nyuma ya nyumba, na mistari michache ya desmodi, na daftari. Misimu michache ikipita, shamba lenyewe litatoa ushahidi, na kila mwenye macho ataweza kuusoma.