Mikono ya Foklifti Ikikataa Kupanda

Mbarara ni njia panda ya shehena. Barabara itokayo Kampala hupita hapo kuelekea Kabale na Rwanda, na nyingine huelekea Isingiro, wilaya yenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoanzishwa mwaka 1958. Hapo Mbarara ndipo ilipo pia kambi ya Makenke, makao makuu ya Divisheni ya Pili ya UPDF. Palipo na shehena hapana budi pawe na ghala, na katika ghala kubwa aghalabu hupatikana foklifti, gari fupi lenye mikono miwili ya chuma, ambalo hunyanyua kwa dakika chache mzigo wa kuwachosha makuli saa nzima.

Siku mikono hiyo ikataapo kupanda, kauli ya wengi ni kwamba pampu imekufa. Pampu hufunguliwa, vumbi likaingia, fedha zikatumika, na ugonjwa ukabaki palepale. Fundi mwenye busara huanza na vitu vidogo.

NGUVU YA OILI

Foklifti hunyanyua kwa haidroliki, yaani kwa nguvu ya oili iliyosukumwa. Kanuni yake ilielezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17, na mwaka 1795 Mwingereza Joseph Bramah akaitumia katika mashine yake ya kugandamiza. Jeki ya lori hufuata kanuni hiyohiyo. Pampu huvuta oili tangini, vali huielekeza, nayo husukuma silinda za kunyanyua mikono au za kuinamisha mlingoti.

USALAMA KWANZA

Kabla ya kushika spana, foklifti isimamishwe mahali tambarare, mikono ishushwe hadi chini, injini izimwe na breki ya mkono ivutwe. Kisha wenzo wa kunyanyulia usukumwe mbele na nyuma ili mgandamizo uliobaki utoke. Mikono ikiwa imekwama juu, mtu yeyote asipite chini yake, hata kwa nukta moja. Watu waondolewe, naye fundi aikinge kwa nguzo imara kabla ya kuanza kazi.

DALILI NA MAANA ZAKE

Kwanza, itazamwe oili. Mikono ikipanda vizuri lakini isifike kileleni, huenda oili imepungua. Oili nyeupe kama maziwa imeingiwa na maji. Yenye povu imeingiwa na hewa, aghalabu kupitia kiungo kilicholegea. Iongezwe oili iliyotajwa katika kitabu cha gari tu. Oili ya breki huharibu mipira ya ndani ya silinda.

Pili, isikilizwe pampu. Ikilia kwa sauti kali, mara nyingi inakosa oili kwa sababu chujio limeziba au mpira wa kuvutia umebonyea.

Tatu, kazi zilinganishwe. Nyumbani, mabomba yote yakikauka hutazamwa tangi; likikauka moja hutazamwa bomba hilo. Vivyo hivyo, kunyanyua na kuinamisha vikidhoofika pamoja, kosa litafutwe katika oili, chujio, pampu au vali ya kupunguza mgandamizo. Kikidhoofika kimoja tu, itazamwe silinda yake na vali yake.

Nne, mzigo mdogo unyanyuliwe kidogo, mlingoti utiwe alama ya chaki, na isubiriwe dakika 10. Mzigo ukishuka wenyewe, oili inavuja ndani ya silinda au vali, na gari hilo lisifanye kazi mpaka litengenezwe.

Jambo moja ni mwiko: kukaza vali ya kupunguza mgandamizo ili gari linyanyue mzigo uzidio kiasi kilichoandikwa kwenye kibati chake. Vali hiyo ndiyo mlinzi wa mipira, silinda na maisha ya dereva.

KIDONDA KISICHODHARAULIWA

Mpira wa haidroliki ukitoboka, tundu laweza kuwa dogo kama la sindano. Usipapaswe kwa kidole kamwe. Fundi avae miwani na kupitisha kipande cha boksi. Oili italowesha boksi badala ya kumchoma. Mgandamizo wa oili hiyo waweza kuzidi upepo wa tairi la gari dogo mara 50 au zaidi, nao hupenya ngozi.

Hapa jamaa wa nyumbani nao wana wajibu. Baba aweza kurudi jioni na alama kidoleni mfano wa mchomo wa mwiba, bila maumivu makubwa, akaomba maji ya moto tu. Asikubaliwe. Oili iliyoingia mwilini huharibu nyama kimyakimya, na kuchelewa kwa saa chache kwaweza kumgharimu kidole au mkono. Apelekwe usiku uleule katika hospitali yenye daktari wa upasuaji, kama Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Mbarara, na daktari aambiwe waziwazi kwamba ni oili ya haidroliki iliyopenya kwa nguvu.

Foklifti iliyolala yaweza kungoja hadi asubuhi. Mkono wa fundi hauwezi.