Kabla ya Kukubali Kupasuliwa Uso

Watu wengine, wakiona makunyanzi mashavuni na ngozi ya shingo kulegea, huuliza kama mganga aweza kuwarudishia uso wao wa zamani. Kazi hiyo ipo. Huko Berlin ilifanywa tangu mwaka 1901. Lakini, ndugu msomaji, usikubali kisu kabla hujajua kinapita wapi.

Mganga hupasua ngozi mbele ya sikio, akazunguka nyuma yake mpaka penye nywele. Huitenga ngozi, hukaza nyama iliyo chini, hukata ngozi inayozidi, kisha hushona. Uzee haukomi kwa kazi hiyo. Baada ya miaka kama 10 ngozi hulegea tena.

Sasa shika ndewe ya sikio lako. Ulipotobolewa kwa ajili ya hereni, je, kovu lilivimba likawa gumu kama kokwa? Mama yako je, au ndugu zako? Kovu hilo huitwa keloidi, nalo hutupata zaidi sisi wenye ngozi nyeusi, hasa masikioni na tayani. Ndipo hapo hapo kisu kitakapopita! Tena keloidi ikikatwa tu bila dawa nyingine, mara nyingi hurudi, pengine kubwa kuliko ya kwanza. Kwa mtu wa namna hiyo, afadhali makunyanzi.

Mwambie mganga yote, hata yenye aibu. Mafuta ya kuchubua yenye kotizoni hufanya ngozi kuwa nyembamba, na kidonda hukawia kupona. Tumbaku hupunguza damu ifikayo kwenye ngozi, nayo ngozi iliyovutwa yaweza kufa. Mwenye ugonjwa wa damu wa SS asifiche, kwa maana dawa ya usingizi ina hatari kwake. Na mwenye ugonjwa wa damu kupanda aweza kuvuja damu chini ya ngozi siku ile ile: shavu moja huvimba ghafula na kuuma sana, na mganga lazima alifungue upesi. Kwa hiyo wewe wa Kinsevere, ukipasuliwa Lubumbashi, usirudi nyumbani jioni ile. Kilomita 30 ni nyingi usiku. Uliza mapema ni nani atakayekupokea saa nane za usiku.

Jambo moja zaidi. Uso ukilegea upande mmoja kwa ghafula, mdomo ukapinda au mkono ukakosa nguvu, huo si uzee wala si kazi ya kupendezesha. Nenda hospitali saa ile ile.