Je, Kazi ya Kuhudumia Watu Yafundishwa Chuoni?



Katika darasa letu la mwisho neno linalosemwa zaidi mwaka huu si mpira wala chakula, bali ni hili: "Ukipita mtihani wa Serikali, utasoma nini?" Wenzangu wengi hujibu uganga, sheria au uinjinia. Mimi nilipomwambia mjomba wangu kuwa nataka kusoma usimamizi wa huduma, alicheka hata akaweka kikombe chini. Akaniuliza, "Mwanangu, na hiyo nayo yataka chuo kikuu? Kumpa mtu chai na kumwambia karibu?" Siku ile sikumjibu, maana sikuwa na jibu. Makala hii ndiyo jibu langu, naye nitampelekea aisome.

Yafaa kwanza tujue huduma ni nini. Fundi wa Buyenzi akimaliza kutengeneza kitanda, kitanda kipo. Asipopata mnunuzi leo atakiuza kesho. Lakini basi likiondoka Bujumbura kwenda Gitega na viti vitano vitupu, viti vile vya safari ile haviuzwi tena milele. Tena kitanda hutengenezwa mnunuzi akiwa kwake amelala, bali kinyozi hawezi kunyoa kichwa kisichokuwapo. Mwenye kuhudumiwa yumo ndani ya kazi yenyewe, na akichelewa au akikosa karatasi moja, kazi yote huharibika. Kwa ajili hiyo anayesimamia kiwanda na anayesimamia dirisha la benki hawafanyi kazi ya namna moja, ingawa wote huitwa wakurugenzi.

Sasa niwaambie kwa nini jambo hili limenikaa moyoni. Dada yangu alipata nafasi ya kusoma katika nchi ya jirani. Alitakiwa apeleke cheti kimoja chenye mhuri, kabla ya siku iliyowekwa. Alikwenda katika ofisi moja, nisiyoitaja, mara nne. Mara ya kwanza aliambiwa alete picha mbili. Mara ya pili aliambiwa picha ni sawa, ila imepungua karatasi nyingine, ambayo siku ya kwanza hakuna aliyeitaja. Mara ya tatu mwenye mhuri alikuwa amesafiri, na mhuri umefungiwa kabatini. Mara ya nne alipewa cheti, lakini siku ilikuwa imekwisha pita kwa siku sita. Nafasi ikapewa mwingine. Leo dada anauza vitenge kwa Siyoni, naye hana kinyongo kama nilicho nacho mimi.

Nilimchukia sana karani yule. Lakini siku ya nne nilikuwa pamoja na dada, nikamwona: kijana mwenye adabu, shati limelowa jasho, akiombaomba radhi tangu asubuhi. Hakuwa mtu mbaya. Hapakuwa na orodha ya karatasi ukutani, mhuri ulikuwa mmoja, na ufunguo wake mmoja. Hata tungemweka malaika penye dirisha lile, dada angekosa nafasi yake vilevile. Hapo ndipo nilipoanza kufahamu kuwa tabasamu si huduma yote. Nyuma ya dirisha kuna mpango, na mpango ni kitu cha kujifunza.

Mtu mmoja aliyeonyesha jambo hili waziwazi ni Bibi G. Lynn Shostack wa Marekani. Mwaka 1984 aliandika kwamba huduma ichorwe ramani kama vile nyumba inavyochorwa kabla ya kujengwa. Naye hakuchagua mfano wa benki kubwa, bali alichukua mpiga rangi viatu wa kando ya njia! Akachora kila hatua: kupiga brashi, kupaka rangi, kusugua, kupokea fedha. Akaandika ni dakika ngapi zafaa, na mteja atavumilia ngapi. Akatia alama mahali ambapo kosa laweza kutokea, yaani kupaka rangi isiyo ya kiatu kile, na nini kifanywe likitokea. Kisha akapiga mstari: juu yake mambo ambayo mteja huyaona, na chini yake yale asiyoyaona, kama kwenda kununua rangi. Niliposoma habari hii nilichora ramani ya cheti cha dada. Juu ya mstari palikuwa na karani mmoja tu. Chini yake palikuwa na kabati, ufunguo na safari ya mkubwa, na makosa yote matatu yalitoka huko, pasipoonekana.

Jambo la pili ni hesabu ya foleni. Wengi hudhani foleni ni kama mvua, huja ikitaka. Sivyo. Mdenmark mmoja, A. K. Erlang, aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, aliandika makala juu yake mwaka 1909, akitaka kujua watu wanaopiga simu wangojea kwa muda gani. Hesabu zilizoanzia kwake twaweza kuzitumia hata penye dirisha la posta.

Tuseme karani mmoja aweza kuhudumia watu 12 kwa saa, yaani dakika 5 kila mtu, lakini wengine humchukua dakika 2 na wengine 10. Tuseme tena watu 10 huja kila saa, bila mpango, kila mtu kwa wakati wake. Mtu atasema: 10 ni chini ya 12, basi hakuna foleni. Hasha! Kwa hesabu hii kila mtu atangojea kwa wastani dakika 25 kabla ya kufika dirishani. Mkizidisha mtu mmoja tu, wakaja 11 kwa saa, wastani wapanda kuwa dakika 55. Mtu mmoja ameuzidisha ungojeaji mara mbili na zaidi. Sasa rudini kwa watu 10, mtie karani wa pili, na wote wapange mstari mmoja unaogawanyika mwishoni: ungojeaji hushuka mpaka dakika 1 hivi. Si nusu ya 25, bali dakika 1. Mwalimu wetu wa hesabu hakuniamini, akaifanya mwenyewe ubaoni mara mbili.

Najua wenyeji wa Bujumbura watauliza juu ya foleni za petroli tulizoziona miaka hii ya 2020, magari yakilala barabarani usiku kucha. Foleni ile ni ya namna nyingine. Petroli isipokuwapo, hata makarani mia hawaitoi kisimani. Usimamizi wa huduma hauponyi upungufu wa fedha za kigeni, na anayesema waponya anatudanganya.

Basi, mambo haya hufundishwaje? Hapa ndipo penye ugumu. Profesa aweza kusoma maandishi yake, wanafunzi wakaandika, wakakariri, wakapita mtihani, na siku ya kwanza ya kazi wakashindwa na mteja mmoja mwenye hasira. Wenye hoteli walilitambua zamani. Shule ya hoteli ya Lausanne, katika Uswisi, ilianzishwa mwaka 1893, nayo ndiyo mama wa shule za namna hii. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilianza masomo ya hoteli mwaka 1922, na tangu miaka ile ya 1920 wanafunzi wake hupewa hoteli mara moja kwa mwaka waiendeshe wenyewe, kutoka jikoni mpaka hesabu, mbele ya wageni ambao ni wenye hoteli hasa.

Lakini hatuna haja ya kwenda mbali. Jirani zetu wa Kenya walifungua Utalii College mjini Nairobi mwaka 1975, kwa msaada wa serikali ya Uswisi. Pana hoteli ndani ya chuo chenyewe. Mgeni anayelala pale ni mgeni wa kweli, amelipa fedha za kweli, na supu ikipoa hasira yake pia ni ya kweli. Mwanafunzi huanza kwa kutandika kitanda na kuosha sahani, hata kama siku moja atakuwa meneja, kisha hupelekwa katika hoteli nyingine ajifunze huko. Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri: anayeagiza kazi asiyoijua huweka mipango kama ule wa mhuri mmoja.

Kwetu Burundi jambo hili halingojei. Tuliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007. Mwaka 2012 CRDB ya Tanzania na KCB ya Kenya zilifungua milango hapa Bujumbura, na mteja aweza kulinganisha dirisha hili na lile. Ngoma zetu za kifalme zimo katika orodha ya UNESCO tangu 2014, na ziwa Tanganyika laonekana bila ya kulipa kiingilio. Lakini mgeni hali ngoma wala halali ziwani. Vyuo vyetu vina masomo ya uchumi na uongozi, na mwanafunzi hupelekwa kazini kabla ya kumaliza. Ningependa apelekwe mapema zaidi, mwaka wa kwanza, akae penye dirisha lenyewe na saa mkononi, wala asipewe kazi ya kupiga picha za karatasi tu.

Sisi wenyewe tulijaribu kidogo. Katika chumba chetu cha kulia mvulana wa mwisho alikuwa akipata sahani dakika 38 baada ya kengele. Hesabu ya Erlang haikufaa hapa, maana wote twafika pamoja kama nzige. Tukachora ramani ya Bibi Shostack. Tukaona kwamba mpishi mmoja agawa wali na maharagwe pia, akiacha mwiko mmoja na kushika mwingine kwa kila sahani, na mwenzake akata ndizi tu. Tukawagawia upya: huyu wali, yule maharagwe, ndizi kila mtu ajichukulie. Siku ya tatu wa mwisho alipata sahani kwa dakika 21. Mpishi mkubwa alicheka, akasema alilijua jambo hilo tangu miaka sita iliyopita, ila hakuna aliyemwuliza. Neno lake naliweka pamoja na ya Wamarekani na Wadenmark niliowataja.

Sasa nawageukia ninyi wakubwa wetu mlioko katika benki, posta, hospitali na hoteli za mji huu. Darasa letu lakutana kila Jumamosi saa nane mchana katika maktaba. Tunaomba mmoja wenu aje, atueleze dirisha lake, na yaliyo chini ya mstari pia. Dada yangu ameniambia siku hiyo atafunga meza yake ya vitenge mapema, maana naye ana maswali.