Msichana wa nne kwenye picha ya mama

Picha ni nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja, na imeanza kufifia pembeni. Wasichana wanne wamesimama mbele ya bweni, nywele zimenyolewa, miguuni ndala. Nyuma kumeandikwa kwa wino wa bluu: "Ukumbusho, Kidato cha Pili, 1984."

Binti wa miaka 14 aliikuta ndani ya sanduku la bati la mama yake, walipokuwa wakilisafisha ili aende nalo bweni Januari.

Miaka yote, nyumbani kwao Tabata, Dar es Salaam, habari za bweni zilikuwa za kishujaa. Mchakamchaka alfajiri. Maharage yenye wadudu. Safari ya treni ya Reli ya Kati kwa waranti, wanafunzi wamelala juu ya masanduku. Sabuni ilikuwa adimu nchi nzima, hivyo kipande kimoja kilikatwa kwa uzi wakagawana wanne. Na kila mara hadithi iliishia palepale: "Ninyi mnadekezwa."

Safari hii binti aliuliza: huyu wa kulia ni nani, mbona hujawahi kumtaja?

Mama akakaa kitandani. Huyo ndiye aliyelala kitanda cha juu yake, na ndiye aliyemfundisha hesabu. Mwaka uliofuata, baada ya likizo, wasichana walipimwa mimba. Akafukuzwa siku hiyohiyo, akaondoka na sanduku kichwani. Wenzake walikatazwa kumsindikiza. Baadaye aliandika barua mbili. Mama alizisoma chooni, akazichana. Hakujibu hata moja.

Enzi hizo mimba ilikuwa ndiyo mwisho wa shule, na ilibaki hivyo muda mrefu mno: ni Novemba 2021 ndipo serikali ya Tanzania ilipotangaza kuwa wasichana waliojifungua wanaweza kurudi katika shule za mfumo rasmi.

"Kwa hiyo mimi nikipata tatizo, nikwambie?" binti aliuliza.

"Uniambie. Mwombe matroni simu, hata usiku. Hata likiwa hilo."

Sanduku limeshapakiwa. Picha haikurudishwa ndani; mama ameituma kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, akiuliza nani anajua alipo msichana wa kulia. Hadi Jumamosi walikuwa wamejibu wawili. Wote wanamkumbuka, lakini hakuna anayejua alikoelekea.