Kwa Nini Jiko la Bati Huliwa?



Huenda nawe unapikia jiko la mkaa la bati hapa Matombo. Likiwa jipya ni imara. Baada ya muda, sehemu ya ndani hutoboka na makaa huanguka chini. Fedha zako zimepotea. Watu husema jiko limeliwa na moto. Lakini mlaji hasa ni hewa.

Katika hewa imo oksijeni, kiasi cha sehemu moja katika tano. Chuma kikiwa cha moto sana, oksijeni huungana nacho. Hapo hutokea magamba meusi. Mhunzi anayajua: akipiga jembe jekundu, magamba hudondoka. Kila gamba lililodondoka lilikuwa chuma. Jikoni kwako ni vivyo hivyo. Jiko likipoa, magamba hupasuka na kubanduka. Kesho yake hewa hupata chuma kipya cha kula.

Je, sufuria ya alumini? Nayo huungana na oksijeni. Lakini utando wake ni mwembamba, mgumu, tena haubanduki. Huizuia hewa kama mlango uliofungwa. Na chungu cha udongo? Udongo ulikwisha kuungana na oksijeni tangu zamani. Hewa haina cha kula.

Wataalamu wametumia jambo hilo. Wametengeneza kauri ya titani, alumini na kaboni. Imepangwa tabaka juu ya tabaka, kama kurasa za kitabu. Ikikaa katika hewa yenye joto la digrii 1,000, alumini hutoka kati ya tabaka na kufanya utando juu. Mwanzoni utando hukua upesi. Kadiri unavyonenepa, oksijeni hupenya kwa shida, na ulaji hupungua.

Sisi tufanye nini? Tuchague jiko lenye udongo ndani. Majiko ya namna hiyo yalienea Kenya miaka ya 1980, na kwetu huitwa jiko bora. Udongo huzuia makaa yasiguse bati. Usizime jiko kwa maji, maana magamba hubanduka na udongo hupasuka. Ondoa majivu. Weka jiko pakavu, kwani mvua za Uluguru huleta kutu hata bila moto.

Maswali
1. Magamba meusi hutoka wapi?
2. Kwa nini chungu hakiliwi na hewa?
3. Jiko lako limedumu muda gani? Jadilianeni darasani.